Kona ya Chini ya Kioo

Katika miaka yote niliyomfahamu Fundi, nilimwona amekaa mara moja tu, na hata hiyo mara moja haikutosha kumaliza kikombe cha chai. Nitafika huko. Kwanza nataka umwone amesimama, maana hivyo ndivyo River Road ilivyomjua: mzee Singasinga mwembamba, kilemba cha samawati kilichofifia, viatu vilivyorukiwa na rangi hata usingeweza kusema vilinunuliwa vikiwa vyeusi au vya kahawia. Kikombe mkononi, mlangoni hadi dirishani na kurudi, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini.

Alikuwa mwandishi wa mabango. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kwenye ghorofa ya kwanza, na ndani mlikuwa na kiti kimoja ambacho hakikukaliwa na mtu, kwa sababu siku zote kulikuwa na bango linalokauka juu yake. Ukimuuliza kwa nini hakai, alikwambia rangi haikauki haraka kwa kutazamwa, kwa hiyo ni afadhali utazame kitu kingine. Na vitu vya kutazama havikumwishia. Aliweza kuacha herufi nusu, ashuke ngazi mbio, avuke barabara katikati ya mikokoteni, asimame kando ya lori la unga na kukodolea macho magunia kwa dakika mbili, kisha apande tena na kumalizia herufi yake. Watu walimzoea. Hata askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji wasiozoea mtu, walimpisha.

Mimi nilikuwa nauza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa chini yake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa mtaa wa Jamhuri na mama yangu, na nilitaka jambo moja tu maishani: kuwa mchoraji. Alama zangu za kidato cha nne hazikunifikisha chuo kikuu. Mama, ambaye alikuwa karani na aliyaheshimu makaratasi, alinieleza kwa upole kwamba mtu asiye na cheti cha kazi hana hiyo kazi, ana mchezo tu. Nilichora kwa siri nyuma ya kaunta, juu ya maboksi ya rangi yaliyokwisha kufunguliwa, kwa matone yaliyobaki kwenye vijiti vya kukorogea.

Siku moja alikuja kununua robo ya nyekundu, akaona boksi.

"Nani amechora hii kuku?"

Nikasema ni mimi.

"Kuku ya wapi?"

"Kuku wa kawaida tu, mzee."

"Hakuna kuku ya kawaida. Na hii iko na mguu tatu."

Nilimweleza kwamba ule wa tatu haukuwa mguu, ulikuwa kivuli. Akaliinua boksi, akalipeleka mpaka kwenye mwanga wa mlangoni, akatembea nalo, akarudi.

"Kivuli nyeusi umeona wapi? Kuja juu saa saba."

Saa saba ilikuwa saa yangu ya chakula. Nilipanda. Tangu siku hiyo chakula changu cha mchana kikawa ndizi mbili njiani.

Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba yeye si mwalimu. Mwalimu ana chaki na mshahara, alisema, yeye ana kazi. Kisha akanipa gazeti la zamani, brashi nyembamba yenye manyoya marefu na kopo la rangi iliyobaki, akaniambia nichore mistari. Nilidhani ni ya siku moja. Ilikuwa ya miezi miwili.

Nitakueleza jinsi inavyofanywa, kwa sababu ni kitu ambacho yeyote anaweza kuanza nacho leo bila kumwomba mtu ruhusa. Ligeuze gazeti ubavu, ili zile safu za maandishi zilale kama mistari ya daftari. Chovya brashi, ipanguse pande zote mbili kwenye mdomo wa kopo, kisha vuta mstari kutoka kushoto kwenda kulia ndani ya safu moja bila kugusa safu ya jirani. Usisogeze vidole. Mkono utoke begani. Toa pumzi unapovuta, na macho yasiwe kwenye brashi, yawe pale mstari unakokwenda. Wiki ya kwanza mkono utatetemeka. Uache utetemeke, utachoka wenyewe. Nilipomaliza gazeti, Fundi alilipitia akitembea, akitoboa kwa kucha kila mahali mstari ulipoyumba. Nikiliinua mbele ya dirisha, lilikuwa na matundu kama chujio. Siku lilipokuwa na matundu manne tu, hakunisifu. Alinipa gazeti la Kihindi, ambalo safu zake ni nyembamba zaidi.

Hakutumia rangi nyeusi ila kwa herufi. Nyeusi, alisema, ni rangi ya mtu mvivu. Ukitaka giza, changanya bluu na kahawia, halafu utazame ni giza gani hilo, la asubuhi au la jioni, la chini ya meza au la chini ya gari. Ndiyo maana alikuwa akikimbilia lile lori la unga. Siku moja alinishusha naye. Gunia lilikuwa jeupe juani. Akaniuliza upande wa kivulini ni rangi gani. Nikasema kijivu. Akaniuliza kama macho yangu yanafanya kazi au yamepumzika. Nikatazama tena, na nakwambia kweli, lile gunia lilikuwa la bluu, bluu kabisa, na chini karibu na barabara lilikuwa na wekundu kidogo ulioruka kutoka kwenye shati la mpakiaji. Nilisimama pale nimeduwaa. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila kuona gunia.

"Haya," alisema. "Sasa huwezi kurudi."

Alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sitajaribu kuyapatanisha. Alihubiri utulivu wa mkono, na miguu yake haikutulia. Alisema uso wa mtu ni uongo mtupu na hapendi kuuchora, lakini hakuna aliyemfikia kwa vichwa vya vinyozi. Nilimwona mteja akiingia kinyozi na kuonyesha bango kwa kidole, akitaka kunyolewa awe yule mtu. Alifuta kazi yangu nzuri kwa kitambaa chenye thina ya kuyeyushia rangi, kazi ya wiki nzima, kwa sababu nimeanza kuipenda. Alidharau vyeti, akavitaja kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja panya, na ilhali nyuma ya mlango wake alikuwa ametundika cheti cha serikali cha ufundi, chenye muhuri na fremu. Niligundua kwa bahati, siku upepo ulipoufunga mlango. Akaufungua haraka na kuuegemezea kopo. Mlango ule haukufungwa mchana, kwa hiyo cheti kilikuwepo na hakikuwepo.

Aliniita Beti, ambalo kwao ni neno la kumwitia binti. Mimi nilimwita Fundi, kama wote.

Sasa nikueleze kuhusu kioo, maana kila kitu kilichotupata mimi na yeye kilitokea juu ya kioo.

Dirisha la duka huandikwa kwa ndani, ili mvua na vidole vya watu visiharibu rangi. Kwa hiyo mwandishi hufanya kazi kinyume. Herufi huanza kulia. Lakini hilo ni jepesi, mkono hulizoea kwa mwezi. Gumu ni mpangilio. Ukichora kwenye karatasi, unapaka ngozi ya uso, unaweka vivuli, na mwisho kabisa unadondosha tone jeupe la mwanga ndani ya jicho. Kwenye kioo, mtazamaji yuko upande wa pili, kwa hiyo kile unachopaka kwanza ndicho kinachokaa mbele daima. Unaanza na tone la mwanga. Halafu mboni. Halafu weupe wa jicho, kope, ngozi, nywele, na mwisho ukuta ulio nyuma ya mtu, mpaka ukingoni, pasibaki penye uwazi. Ukisahau kitu, umekisahau. Huwezi kukirudia, kwa sababu rangi iliyotangulia imekwisha kukiziba.

Haya yote aliyasema mara moja, tena akiwa ngazini. Mimi nikaenda nyumbani Jamhuri na kipande cha kioo cha dirisha, nikamchora mama. Nilipaka ngozi kwanza, kama nilivyozoea. Kisha nikamwekea macho, nikayahangaikia kwa jioni tatu. Kwa upande wangu alikuwa mama kabisa, hata ule uchovu wa kurudi kazini ulikuwepo. Nilipogeuza kioo, mama hakuwa na macho. Alikuwa uso laini wa kahawia, kama kijiko.

Alikiona kabla sijakificha. Akavaa miwani, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo huko River Road mnafundishwa kuwatoa watu macho."

Nilimweleza kosa langu, kinachotangulia na kinachofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kozi ya ukarani, aliyotaka niisome, nayo huenda kinyumenyume hivyo. Hakuwa akinidhihaki tu. Aliogopa, na nilijua anaogopa nini.

Fundi, nilipompelekea kile kioo, alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Ilibidi ashike dirisha. Akasema angeweza kunieleza mara mia na nisingejua kama nilivyojua sasa. Kisha, yeye aliyefuta kazi zangu nzuri, akamtundika mama asiye na macho karibu na dirisha, na akabaki hapo miaka yote.

Palikuwa na desturi katika mtaa ule, kwenye ngazi zote za River Road na Kirinyaga Road ambako watu walishika brashi. Fundi huandika jina lake kwenye kona ya chini ya kazi, herufi ndogo, ili anayelipenda bango ajue pa kwenda. Mwanafunzi haandiki. Mwanafunzi anaweza kuchora bango zima kwa mkono wake na kona ikabaki ya fundi. Halafu siku moja, fundi akiona ameiva, anampa kona. Siku hiyo soda hununuliwa kwa watu wa ngazi nzima, na kuanzia hapo mtu huyo ni mchoraji, awe na cheti au asiwe nacho. Unaelewa jambo hilo lilikuwa na maana gani kwangu. Mama alitaka karatasi. Kona ndiyo ingekuwa karatasi yangu.

Kwenye kipumziko cha ngazi alikaa mchonga mihuri, mtu mnene mwenye mdomo, ambaye kila siku nilipopita aliniuliza kitu kile kile.

"Sasa, msanii. Kona bado?"

"Bado."

"Soda yangu itazeekea kiwandani."

Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa tatu nilianza kuruka ngazi mbilimbili ili nisisikie. Nilikuwa nimechora vinyozi, vikombe vya chai vyenye mvuke, meno ya daktari wa meno, na zile nyuso zangu mwenyewe kwenye vioo, za watu wa mtaa, ambazo nilizichora Jumapili. Zote hazikuwa na jina langu. Zile za kazi zilikuwa na la Fundi, na ni haki. Kila alipoanza dirisha, kabla ya kitu kingine chochote, Fundi aliinama mpaka kona ya chini akaandika jina lake kinyume, polepole, huku mimi nimemshikia kopo. Halafu ndipo alipoinuka na kuanza kazi.

Siku moja, kwenye dirisha la duka la dawa, nilimuuliza. Nilitumia wiki nzima kujitia moyo. Nikasema, Fundi, na mimi jina nitaandika lini?

Hakugeuka.

"Brashi iko mkononi ya nani?"

"Mkononi mwangu."

"Basi."

Akainuka, akaenda nje kuutazama mstari wake kutoka barabarani. Mimi nilibaki pale, uso unawaka. Nilielewa kwamba nimekemewa: umepewa brashi, nyamaza. Sikumuuliza tena.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na chumba cha maonyesho ya picha kule Westlands alikuja dukani kununua rangi ya kuta, akamwona mchonga mihuri niliyemchora kwenye kioo, nyuma ya kaunta. Akaniuliza kama ninazo nyingine. Pamoja na hiyo zilikuwa tisa. Aliniambia nizilete.

Nilimwomba Fundi anisindikize, kwa sababu vioo ni vizito na kwa sababu niliogopa. Alikataa gari. Tulitembea kutoka River Road, vioo vimefungwa kwa blanketi, kupitia Museum Hill, na njia nzima alisimama kila baada ya hatua ishirini: kutu ya lango fulani, moshi uliokuwa wa zambarau ukipita mbele ya mti, mtu mwenye koti la kijani lililomfanya aonekane mgonjwa. Jasho lilinitoka. Nilitaka tufike. Nilitaka pia tusifike.

Chumba kilikuwa cheupe na sakafu yake iling'aa. Yule mwanamke alisimamisha vioo vyangu ukutani, kimoja kimoja, na sijawahi kuona mtu akitazama kitu changu polepole namna ile. Akasema ni kazi nzuri sana. Akaniuliza nimesomea wapi.

Nilitazama sakafu. Nikaona viatu vya Fundi juu ya ile sakafu.

"Nimejifunza mwenyewe," nikasema.

Fundi alikuwa hatua mbili nyuma yangu, ameshika vioo vitatu vya mwisho. Alivilaza chini bila kutoa sauti.

Yule mwanamke alikuwa ameinama kwenye kona. "Lakini hazina jina," alisema. "Nikizitundika hivi, niwaambie watu ni za nani? Ziandike jina, halafu unirudishie."

Pa kuandika hapakuwepo. Rangi ilifika ukingoni, na ukiandika nyuma ya rangi hakuna atakayeona. Ingebidi kuanza upya, zote tisa. Hilo ningeliweza, mkono nilikuwa nao. Nisichokuwa nacho ni kona, na kwa mdomo ule niliotoka kuutumia ningewezaje kumwomba? Tukavifunga vioo. Kurudi mjini Fundi alitangulia, na hakusimama popote. Koti la kijani, kutu, moshi, alivipita vyote.

Kesho yake saa saba alinionyesha jinsi ya kuchora glasi ya maji bila kuchora maji, kwa sauti ile ile ya kila siku. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenifokea.

Halafu mashine zikaja. Chumba cha jirani kiliingiza moja iliyochapa mabango juu ya plastiki, marefu kama shuka, kwa saa moja. Kampuni za simu nazo zikaanza kupaka maduka mazima rangi moja kuanzia msingi hadi paa, na neno moja juu. Fundi alikwenda kuitazama mashine. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama mbele ya kitu chochote, akaniambia mstari wa mashine umenyooka sana, kuliko wake. Kasoro yake, alisema, ni kwamba haioni lori la unga.

Kazi zikapungua, magoti yakaanza kumsumbua kwenye zile ngazi. Nilikwenda Murang'a kwa mazishi ya shangazi, wiki moja, na niliporudi mwanawe alikuwa amemhamishia kwake, Spring Valley. Chumba kilikuwa kitupu. Kile kiti kilikuwepo, hakina bango. Nilifunga mlango nikaona mstatili mweupe pale cheti kilipokuwa. Mama asiye na macho naye hakuwepo. Brashi zake zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti la Kihindi, na juu ya gazeti, kwa brashi, ameandika Beti.

Baada ya hapo sikutulia. Niliacha duka. Nilichora wanyama kwenye ukuta wa shule ya chekechea Kawangware, ng'ombe wa buchari Ngong Road, malaika wa kanisa moja la mabati. Nilimaliza ukuta nikakimbilia mwingine. Watu waliniuliza ni nani aliyechora hivi, na ilibidi wamuulize mwenye ukuta. Nyuso kwenye kioo niliziacha. Kila nilipochukua kioo nilimsikia yule mwanamke akiuliza ni za nani, na mimi nikijibu kuhusu shule. Vioo vyangu tisa vilikuwa chini ya kitanda Jamhuri. Mama alivifagilia kando yake bila kuvitaja, na hilo kwake lilikuwa aina ya upole.

Mwaka mmoja na zaidi ulipita. Kisha nikakutana na mchonga mihuri barabarani, akaniambia kwamba mzee hajambo na kwamba amewamaliza majirani. Ameandika namba za mageti yote, maonyo yote ya mbwa, na sasa anatafuta mtu mwenye ukuta.

"Na wewe, msanii," akasema. "Kona?"

Jumamosi iliyofuata nilinunua kioo kipya, nikakifunga kwa shuka, nikaenda Spring Valley.

Mkwe wa Fundi alinifungulia geti. Alinikaribisha kama mtu aliyeletewa msaada. Akaniambia baba ameandika namba kwenye kila kitu, hata pipa la taka lina namba, na kwamba tangu asubuhi amezunguka nyumba mara arobaini. Nilimwona. Alikuwa akija kando ya ua, mwembamba zaidi, kilemba kile kile. Mkono wa kulia aliushikilia kwa wa kushoto ili usitetemeke.

"Beti. Umeleta nini?"

"Kioo. Nataka kukuchora, Fundi."

"Mimi sikai."

"Najua."

Mkwewe akatoa kiti barazani hata hivyo, na meza, na chai. Fundi alikipita kiti. Nikapanga brashi zake mezani, nikaanza kusema nilichokuja kusema, na ilibidi nikiseme vipande vipande, kila alipokuwa upande wangu. Kwamba siku ile Westlands nilisema uongo. Kwamba niliona viatu vyake. Kwamba aibu ile sijaiacha.

Akaenda mpaka mwisho wa ua, akarudi.

"Hiyo mimi sikukasirika," alisema. "Kidogo nilifurahi. Nikasema, leo huyu ameamka, leo ataandika. Halafu mama yule akauliza jina, wewe ukanyamaza. Jina yangu hukusema, sawa. Yako pia hukuandika. Sasa picha ni ya nani? Ya kioo?"

"Nilikuwa nangoja unipe kona."

Alisimama. Miguu yote miwili.

"Nani amesema mimi napeana kona?"

"Watu wote, Fundi. River Road nzima."

"River Road nzima wanataka soda." Akaja karibu na meza. "Miaka tano umenishikia kopo. Dirisha ngapi? Mimi naanza na nini?"

"Na jina."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo nimweleze, kama ninavyowaeleza watu, kama nilivyokueleza wewe, kwamba kwenye kioo kinachotakiwa kukaa mbele hutangulia, na nikashindwa kufika mwisho wa sentensi. Nilikuwa nimeijua kanuni hiyo tangu mama alipokosa macho. Kila Jumapili nilipodondosha lile tone la mwanga kwenye kioo kitupu, nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba picha haitakuwa na mwenyewe. Hakuna aliyeninyima. Nilingoja mpaka mwisho kitu ambacho mwisho hakina pa kuwekwa.

"Nilikuuliza brashi iko mkononi ya nani," alisema. Sasa sauti ilikuwa ya chini. "Nikasema, kesho atajua. Kila siku nasema kesho."

Kisha akavuta kile kiti, akakaa.

Nilichukua brashi nyembamba kuliko zote. Nikainama mpaka kona ya chini, nikatoa pumzi, nikaanzia upande wa kulia. Jina langu si refu. Alilitazama likitoka, herufi baada ya herufi, mikono amelaza magotini, na chai yake ikawa inapoa pembeni. Nilipovuta mkato wa mwisho alisogeza kichwa kidogo, kama mtu anayekubali bei. Akaweka viganja kwenye mikono ya kiti, akainuka, akashuka ngazi za baraza kwenda zake uani.

Nikainua kioo nitazame kama herufi zimenyooka. Hakikuwa na kitu ila jina, dogo, na nyuma yake alionekana yeye akienda, anapita ua, anageuka kwenye kona ya nyumba. Nikakilaza. Nikasafisha brashi, nikaichovya kwenye nyeupe, nikangoja arudi afike pale jua litakapomwingia jichoni.